Gari likichelewa: haki na subira viende pamoja

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Masahaba zake.

Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona kuwa ni la kidunia mno kwa ukurasa huu. Nalo ni kuchelewa kwa magari tunayoyaagiza kutoka ng'ambo. Tumelichagua kwa sababu jambo hili limeingia ndani ya nyumba zetu. Limewafanya ndugu wa tumbo moja wasisalimiane, na limewafanya watu wanaosimama safu moja msikitini wakaonane polisi.

Katika familia zetu nyingi gari si anasa. Ni kiinua mgongo cha mzee aliyestaafu, au ni mchango wa ndugu kadhaa waliotaka kumpatia kijana wao kazi ya kuendesha teksi. Fedha hizo hukabidhiwa kwa wakala, naye husema gari litafika baada ya miezi miwili. Mwezi wa tatu unapita, wa nne unapita, na mzee hana fedha wala hana gari. Kila akipiga simu anaambiwa neno moja tu: "Inshallah, wiki ijayo."

Kwanza tuseme ukweli kwamba si kila ucheleweshaji ni dhuluma. Gari linalotoka Japan kuja Dar es Salaam au Mombasa husafirishwa kwa meli maalumu za magari, na safari yenyewe aghalabu huchukua mwezi mmoja au zaidi kwa kuwa meli hupitia bandari nyingine njiani. Kabla ya hapo gari hukaguliwa na kungoja nafasi melini. Likifika, kuna foleni ya meli, ushuru wa forodha na usajili. Katika kila hatua kati ya hizo siku zinaweza kuongezeka bila ya mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Tena dunia nayo imepitia misukosuko. Maradhi ya korona yalipoenea mwaka 2020 viwanda vingi vya magari vilisimama. Mwaka 2021 vikakosa vile vipande vidogo vya elektroniki ambavyo gari la kisasa haliwezi kutengenezwa bila navyo. Magari mapya yalipoadimika, watu wa Japan wakabaki na magari yao ya zamani, na hivyo hata magari yaliyotumika, ambayo ndiyo tunayoyanunua wengi wetu, yakapungua minadani na kupanda bei. Mwezi Machi mwaka huo huo meli ya Ever Given ikakwama katika mfereji wa Suez kwa siku sita na kuzuia njia ya bidhaa baina ya Ulaya na Mashariki. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yaliyafanya makampuni mengi ya meli yazunguke Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika.

Januari 2022, kampuni ya Toyota iliwatangazia wateja wake wa Japan kwamba anayeagiza Land Cruiser mpya huenda akasubiri hadi miaka minne. Miaka minne ni mingi, lakini mteja aliambiwa mapema na kwa uwazi, akawa na hiari ya kungoja au kutafuta gari jingine. Ni aibu kwetu sisi tunaosoma Qur'ani ikiwa uwazi huo tutausikia kwa watu wa mbali huku baina yetu tukifichana.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atofautishe mambo mawili. Meli kuchelewa ni jambo la kadari, na dawa yake ni subira. Ama mtu kuficha kwamba meli imechelewa, au kwamba gari halijanunuliwa kabisa, hilo ni tendo la mja, naye ataulizwa juu yake hapa duniani na kesho Akhera. Kumwambia aliyedanganywa kwamba "subira ni sehemu ya imani" kisha tukanyamaza, ni kuitumia dini kumlinda mwenye kosa. Katika Suratul Asr (103), Mwenyezi Mungu ameyataja mambo mawili pamoja kwa wale waliosalimika na hasara: kuusiana haki na kuusiana subira. Haikutajwa subira peke yake.

Sharia yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (RA) kwamba Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja na miaka miwili kabla ya kuyapokea. Hakuwakataza, bali aliwaamuru kwamba mwenye kulipa kabla alipie kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Muamala huu ndio wanazuoni wanaouita salam. Bei hulipwa yote siku ya mapatano, na bidhaa iliyoelezwa sifa zake huletwa siku iliyowekwa.

Ama kitu kinachotengenezwa kwa kuagizwa, kama vile gari jipya au basi linalojengwa bodi, huingia katika mkataba wa istisnaa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwezi Mei 1992, lilipitisha kwamba mkataba huu unazifunga pande zote mbili masharti yake yakitimia. Miongoni mwa masharti hayo ni kubainishwa aina ya kitu, sifa zake na muda wake. Baraza liliruhusu bei ilipwe baadaye au kwa awamu, na likaruhusu pande mbili zikubaliane fidia mmoja akivunja ahadi, isipokuwa pale yanapotokea mambo yaliyo nje ya uwezo wake.

Na lile gari lililotumika, ambalo mnunuzi ameliona kwa picha tu, lina mazungumzo yake. Wanazuoni wa Kishafi, ambao ndio wanaofuatwa na wengi katika mwambao wetu, wamekuwa wakali juu ya kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona. Wa Kihanafi wameruhusu, lakini wakampa mnunuzi hiari ya kukubali au kukataa siku atakapokiona kwa macho yake. Mwenye kutaka kuingia katika muamala huo na amuulize mwenye elimu kabla ya kutoa fedha. Lililo wazi kwa wote ni kwamba kadiri kitu kinavyokuwa mbali na macho, ndivyo haja ya maelezo kamili inavyozidi.

Sasa muda ukifika na bidhaa haikupatikana? Katika salam, wanazuoni wengi wamesema mnunuzi ana hiari: akitaka atasubiri, na akitaka atavunja mapatano na kurejeshewa fedha yake kamili. Asidai ziada juu ya fedha aliyolipa kwa sababu tu ya kucheleweshwa, kwani hapo riba inachungulia mlangoni. Wala muuzaji asimkate sehemu ya fedha yake kwa kosa ambalo si la mnunuzi.

Tunawageukia kwanza ndugu zetu mawakala. Biashara yenu ni amana. Msitaje muda mnaojua hauwezekani kwa kuogopa kwamba mteja atakwenda kwa mwingine. Semeni muda wa kweli na mtaje yanayoweza kuurefusha. Msichukue fedha ya mteja huyu mkatolea gari la mteja yule bandarini, kisha mkangoja mteja wa tatu ili mumnunulie wa kwanza. Huo ni mzunguko ambao siku moja hukatika, na unapokatika huanguka juu ya wanyonge. Suratun Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Aidha, Mtume (SAW) alimkataza Hakim bin Hizam (RA) kuuza asichokuwa nacho. Basi na ajihadhari anayetangaza magari ya watu wengine mtandaoni kama kwamba tayari ni yake.

Tunasema pia juu ya neno "inshallah". Suratul Kahf, aya za 23 na 24, imetufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho bila ya kulifungamanisha na utashi wa Mwenyezi Mungu. Neno hilo ni adabu ya mtu aliyekwisha kuazimia kutenda na anayejua kwamba uwezo si wake. Halikuwekwa liwe pazia la kujifichia mtu ambaye hana nia wala matayarisho. Tumelichezea kiasi kwamba baadhi ya watoto wetu wakilisikia huelewa kwamba jambo hilo halitakuwa. Huo ni msiba mkubwa kuliko kuchelewa kwa gari.

Kisha tunawageukia wanunuzi. Andikeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imekuja kuamrisha kuandikwa kwa deni la muda maalumu na kuwekwa mashahidi, na imekataza kuchoka kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Ibn Abbas (RA) aliiona aya hiyo kuwa ndiyo ushahidi wa kuruhusiwa salam. Pamoja na hayo, tunasikia watu wakisema: "Huyu ni mtoto wa shangazi yangu, nitaandikishana naye vipi?" Ndugu msomaji, ukitaka kubaki na mtoto wa shangazi yako, andikishana naye. Karatasi haivunji udugu. Unaovunja udugu ni ubishi wa watu wawili ambao kila mmoja anakumbuka maneno tofauti.

Yaandikwe aina ya gari, mwaka wake, namba ya chesisi ikiwa ni gari maalumu, bei yote pamoja na nani atalipa ushuru, tarehe ya mwisho, na litakalofanyika tarehe hiyo ikipita. Baada ya meli kuondoka, mnunuzi aombe nakala ya hati ya meli na jina la meli yenyewe, ambayo siku hizi safari yake huweza kufuatiliwa hata kwa simu. Tarehe si jambo dogo. Nchini Kenya, kwa mfano, gari lililotumika halikubaliwi likiwa limepita miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na kwa hiyo gari lililotakiwa kufika Desemba likifika Januari linaweza kukataliwa. Ucheleweshaji wa siku chache hapo unageuka kuwa hasara ya mali nzima.

Na mnunuzi aliyecheleweshewa anayo haki ya kusema. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (RA) kwamba mtu mmoja alikuwa akimdai Mtume (SAW) ngamia, naye ngamia ndiye aliyekuwa kipando cha zama zile. Mtu huyo akadai kwa maneno makali hata Masahaba wakataka kumwadhibu. Mtume (SAW) akawaambia wamwache, kwani mwenye haki ana nafasi ya kusema. Akaamuru anunuliwe ngamia wa umri ule ule. Alipokosekana ila aliye bora zaidi, akaamuru apewe huyo huyo aliye bora. Mawakala na wajiulize: mteja anapopiga simu kwa hasira, je, tunamjibu kwa mwenendo huo, au tunaifunga simu?

Hata hivyo haki ya kusema si ruhusa ya kusingizia. Suratul Hujurat imetuamrisha tuzichunguze habari na tujiepushe na dhana nyingi. Asiitwe mtu mwizi mbele ya jamaa na majirani kabla ya kuulizwa hati, na kabla ya kuhakikishwa kama meli imechelewa kweli. Na ikithibiti kwamba wakala mwenyewe amefikwa na dhiki ya kweli, wala si hila, basi ikumbukwe aya ya 280 ya Suratul Baqara inayotaka mwenye dhiki angojewe hadi apate wasaa. Ama mwenye uwezo anayechelewesha kulipa, Mtume (SAW) ameuita ucheleweshaji wake kuwa ni dhuluma. Huyo hana wa kumtetea, na kumfikisha kwa wazee, kwa Kadhi kama msuluhishi au mahakamani hakuondoi thawabu za subira.

Mwisho tunaziambia familia: gari ambalo halijafika lisipange maisha yenu. Usiache kazi kwa kutegemea teksi iliyo baharini. Usichukue mkopo wa riba ambao marejesho yake yanaanza mwezi huu ilhali gari litafika mwezi usiojulikana. Baba asimkaripie mama kwa kuuliza gari limefika wapi, hasa ikiwa katika fedha hizo imo mali yake. Ana haki ya kuuliza na kuoneshwa maandishi. Na watoto wafundishwe kwamba riziki haicheleweshwi na meli. Ilikuwako nyumbani kabla gari halijaagizwa, na kwa rehema za Mola itakuwako hata kama halitafika.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awasahilishie wanaosubiri, awape hofu Yake walioshika mali za watu, na atujaalie sote kuwa miongoni mwa wanaousiana haki na wanaousiana subira. Amin.

Wabillahi Tawfiq.