Gharama za matibabu: kumpeleka Bugando au kumrudisha nyumbani?

Agosti 28, 2025, akizindua kampeni za uchaguzi Kawe, Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kwamba ndani ya siku 100 za mwanzo hospitali zote zitapigwa marufuku kuzuia maiti kwa sababu ya deni la matibabu. Kwa msikilizaji wetu wa Nyamuswa, Kibara au Hunyari, ahadi hiyo haikuhitaji maelezo. Kuna familia zinazojua maana ya kuchangishana mara mbili, kwanza kumtibu mgonjwa, kisha kumkomboa marehemu.

Lakini kuzuia maiti ni jambo moja, na deni ni jambo jingine. Kabla ya deni kulikuwa na uamuzi uliofanywa nyumbani, mara nyingi kwa haraka na bila kuelezwa vizuri. Huo ndio tunaouangalia leo.

Tuchukue mfano wa mzee mwenye saratani ya koo. Anaanzia zahanati, anapelekwa hospitali hapa Bunda, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kwangwa, Musoma. Huko anaandikiwa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda yenye matibabu ya saratani ikiwemo mionzi. Kutoka Bunda ni kama kilomita 150. Wale waliokata kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, wanajua kadi hiyo iliishia hospitali ya mkoa. Yaani ilikusindikiza hadi Musoma, ikakuacha pale ambapo gharama ndiyo kwanza zinaanza. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na pengo hilo ni moja ya mambo ambayo bima mpya itapimwa kwayo.

Msamaha upo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawataja wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Hupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na barua ya mtendaji wa kijiji husaidia sana. Iombeni kabla ya kusafiri, maana kuifuata kutoka Mwanza ni kupoteza siku. Hata hivyo msamaha haulipi nauli, wala chakula cha anayemuuguza, wala dawa uliyoambiwa ukanunue nje. Wazee wanaokumbuka hospitali za serikali kabla ya uchangiaji kuanza mwaka 1993 hushangaa sana hapo.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu huifanya kwa sauti ya chini. Mgonjwa hupanda basi kwa nauli ya abiria mmoja. Maiti hukodiwa gari, na jeneza juu. Ndiyo maana daktari akisema hali si nzuri, mjomba mmoja hunong'ona: turudi naye angali anapumua. Wapo wanaouona huo ni ukatili. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayejua atazikwa kwake, karibu na wazazi wake, kutaka kufia hapo hapo si ajabu. Ukatili ni kumrudisha bila dawa ya maumivu.

Huduma hiyo inaitwa tiba shufaa. Haiponyi ugonjwa; inatuliza maumivu, inasaidia kupumua na kulala, na inaweza kutolewa mgonjwa akiwa nyumbani. Dawa yake kubwa ni morfini ya maji, ambayo hutengenezwa kwa unga na maji na si ghali. Wenzetu Uganda walianza kuijenga huduma hii mwaka 1993, na mwaka 2004 wakaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea kuandika morfini, ili mgonjwa wa kijijini asimngoje daktari. Huku kwetu bado wengi wanaiogopa, wakidhani ni dawa ya kulevya au ya kummaliza mtu. Ikitolewa kwa kipimo cha mtaalamu, haimuui mgonjwa. Kumsaidia mtu kufa sheria yetu hairuhusu, na tiba shufaa haihusiani na hilo.

Kwa hiyo kabla ya kuuza ng'ombe wa mwisho, muulizeni daktari waziwazi: matibabu haya ni ya kuponya, au ya kuongeza muda, na muda kiasi gani? Kama ni ya kuponya, uzeni. Kama sivyo, ulizeni dawa ya maumivu mtaipata wapi mkiwa nyumbani, na msiondoke bila maelezo ya maandishi. Tunajua wengi huuza kwa kuogopa maneno ya msibani, kwamba watoto walimtelekeza baba yao. Waliosema maneno hayo hawatakuwepo wakati wa kulipa ada za shule.

Na mgonjwa mwenyewe, kama ana fahamu, aulizwe. Kikao cha ukoo hukaa sebuleni, naye yuko chumba cha pili anasikia kila kitu.