"Wageni Hawapendi Hijabu": Je, Hoja Hii Ina Nguvu Kisheria?

Wazazi wengi wa Unguja na Pemba wanalijua jibu hili. Binti amesoma, vyeti anavyo, lakini akiomba kazi ya mapokezi hotelini anaambiwa kwa upole kwamba wageni hawapendi mtandio. Naye hurudi nyumbani kana kwamba hiyo ni hukumu isiyo na rufaa.

Hoja hiyo hiyo ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Bi Asma Bougnaoui, mhandisi wa programu za kompyuta nchini Ufaransa, alifukuzwa kazi mwaka 2009 baada ya mteja kulalamikia hijabu yake na kutaka asiivae safari nyingine. Tarehe 14 Machi 2017 majaji waliamua kuwa matakwa ya mteja hayawezi kuhesabiwa kuwa sharti la kazi yenyewe. Na kweli, mhandisi anatakiwa ujuzi. Nywele zake zinahusu nini?

Lakini tusishangilie mapema. Siku ile ile mahakama ilitoa hukumu ya Bi Samira Achbita, mpokea wageni wa Ubelgiji aliyefukuzwa mwaka 2006. Kampuni yake ilikataza wafanyakazi wote kuvaa alama za dini, siasa au falsafa. Majaji wakasema katazo la namna hiyo, likiwa ni kwa wote bila upendeleo, si ubaguzi wa moja kwa moja. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye mtego. Mkufu wenye msalaba huingizwa ndani ya shati na kazi ikaendelea; hijabu haina pa kufichwa, na kwa Muislamu si pambo bali ni wajibu.

Hukumu za Ulaya hazitufungi sisi. Ajira si jambo la Muungano, hivyo visiwani inatumika Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya 2005, nayo inakataza ubaguzi kazini, wa dini ukiwemo.

Basi binti akiambiwa avue, aulize kwa adabu: ni kanuni iliyoandikwa, au ni maneno ya meneja? Imo kwenye mkataba? Akipewa barua, anayo karatasi ya kupeleka Kamisheni ya Kazi. Akiambiwa kwa mdomo tu, aandike mwenyewe tarehe, jina la msemaji na maneno aliyoambiwa, siku hiyo hiyo kabla hajalala.