Msomi Akikosa Aadhibiwe, na Mkubwa Naye Ajipime



Kila wanafunzi wa Chuo Kikuu wanapogoma au kuandamana, hapa Ziwani husikika sauti mbili barazani. Ya kwanza husema: "Wafukuzwe wote, tena wasirudi! Wanakula jasho letu, kisha wanatutukana." Ya pili husema: "Waacheni. Hao wamesoma, wanajua kuliko sisi." Twasema waziwazi kwamba sauti zote mbili zimepotea njia. Ya kwanza yataka ukatili na kuuita nidhamu. Ya pili yataka ubwana na kuuita haki.

Tuanze na deni, maana asiyejua anadaiwa nini hawezi kulipa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru. Wanafunzi walikuwa 14 tu, wote wa sheria. Walisomea wapi? Katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Jengo lile halikuwa la Gavana wala la tajiri. Lilikuwa mali ya Chama, na Chama ni wanachama: mvuvi, mkulima, mama muuza vitumbua, watu waliotoa ada zao shilingi kwa shilingi. Wengi wao hawakujua kuandika majina yao. Hao ndio waliompisha msomi akae kitini, wao wakabaki wamesimama.

Sasa tazameni yaliyotokea miaka 5 baadaye. Mwaka 1966 Serikali iliamuru vijana waliomaliza masomo ya juu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2. Miezi michache wangekaa kambini, na muda uliobaki wangefanya kazi zao huku wakipokea asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wakaandamana hadi Ikulu, wamevaa majoho yao ya Chuo, wakamsomea Rais Nyerere masharti yao. Miongoni mwa mabango waliyobeba lilikuwamo lililosema kwamba afadhali enzi ya ukoloni.

Afadhali ukoloni! Ndugu zangu, sisi tunaokaa karibu na mdomo wa Ruvuma tuliusoma ukoloni bila kitabu. Mwezi ule ule vita vya FRELIMO ng'ambo ya mto vilikuwa vimetimiza miaka 2. Watu wa Mueda walikuwa wamepigwa risasi na Mreno mwaka 1960 kwa kosa la kudai haki yao. Wakimbizi walikuwa wakivuka mto na watoto mgongoni, nasi tukigawana nao muhogo. Katika wakati kama huo, kijana aliyesomeshwa na nchi maskini aseme miaka 2 ya kuitumikia ni mizigo, na bendera ya mkoloni ilikuwa afadhali!

Je, walikosa? Walikosa. Kudai si kosa, na kumwuliza Rais swali si kosa. Kosa lao lilikuwa kujiona wao ni kabila jingine, lililoumbwa kupokea tu. Kwa hiyo karibu wanafunzi 400 wa Chuo hicho na vyuo vingine walirudishwa makwao. Hatuoni haya kusema kwamba walistahili. Mkono unaolishwa na wote hauwezi kukataa kufanya kazi ya wote.

Lakini hapa ndipo wale wa sauti ya kwanza hufunga kitabu, kumbe hadithi haijaisha. Vijana wale walisema pia neno moja la kweli. Walisema: mbona nyinyi wakubwa mnakula mishahara minono, na sisi mwatuambia tujibane? Nyerere hakujifanya hakusikia. Siku ile ile alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine serikalini ikafuata. Miezi mitatu na kitu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa, na viongozi wakakatazwa kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba na kuwa na hisa katika makampuni. Na katika mwaka huo wa 1967 wengi wa wale waliofukuzwa walirudishwa Chuoni kumaliza masomo yao.

Hiyo ndiyo adhabu iliyo na haki ndani yake. Aliyekosa aliadhibiwa. Aliyeadhibu alijipima kwa kipimo kile kile. Na mlango haukupigwa misumari. Ondoeni moja katika hayo matatu, kinachobaki ni kiboko tu, na kiboko tulikizoea kwa Mjerumani.

Tuseme kweli ijapokuwa chungu: baadaye mambo hayakwenda hivyo daima. Machi 1978 wanafunzi wa Chuo hicho hicho waliandamana tena. Safari hii hawakudai mshahara wao. Walipinga viongozi kujiongezea mapato na marupurupu. Yaani walikuwa wameshika mkononi lile lile Azimio walilofundishwa. Wakafukuzwa kwa mamia! Jambo lililomfanya mkubwa ajikate mshahara mwaka 1966, mwaka 1978 lilimpatia mwanafunzi tiketi ya kurudi kwao. Hata kama namna ya kuandamana ilivunja utaratibu, swali lao lilistahili jibu kabla ya adhabu. Nyani haoni kundule.

Mei 1990 Chuo kizima kilifungwa kwa sababu ya mgomo, na hakikufunguliwa mpaka mwaka uliofuata. Mwenye kosa na asiye na kosa wakafunga mizigo pamoja. Na Mei 2016 vijana zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliokuwa Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kuondoka mara moja. Hao hawakuwa wamegoma wala kutukana mtu. Wahadhiri ndio waliokuwa wameacha kufundisha. Mwenye kufundisha hakufundisha, na mwenye kufundishwa akalala kituo cha basi! Je, tutaiita hiyo nayo nidhamu?

Wengine watatujibu: "Haya ni mambo ya wakubwa na wasomi. Ziwani yatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Mtoto wa tajiri akifukuzwa Chuo, baba yake humtafutia chuo kingine, pengine ng'ambo. Mtoto wa mkulima wa korosho akifukuzwa amefukuzwa kweli. Fedha za mikorosho ya misimu kadhaa zimekwisha, deni la Bodi ya Mikopo lamngoja, na kijiji kilichomwaga kwa ngoma humpokea kwa minong'ono. Adhabu ni neno moja katika karatasi, lakini uzito wake haulingani nyumba kwa nyumba. Basi anayeitia sahihi karatasi ile aisome mara mbili.

Kwa hiyo tunayoyataka ni haya. Kwanza, mwanafunzi anayeiba mtihani, anayepiga mtu, anayechoma mali ya umma au anayemvunjia heshima msichana mwenzake, aadhibiwe bila kuogopa jina la baba yake. Samaki mkunje angali mbichi. Pili, kila mmoja ahukumiwe kwa lake. Aambiwe kosa lake kwa maandishi, asikilizwe, na awe na mahali pa kukata rufani. Kundi zima lisibebeshwe kosa la wachache. Tatu, adhabu iwe na mwisho, maana nchi isiyo na waganga na walimu wa kutosha haina utajiri wa kutupa vijana. Nne, mwanafunzi akilalamika kwamba chakula hakuna au mkopo umechelewa, ajibiwe lalamiko lake kwanza, halafu ndipo aulizwe kuhusu nidhamu.

Nanyi vijana wetu mlioko Chuoni, msicheke mkidhani tumewatetea tu. Jengo mlimoanzia lilikuwa letu. Mkisimama kudai, daini pia kwa ajili ya yule mvuvi ambaye hatakanyaga Mlimani maishani mwake. Mkidai yenu peke yenu, tutakaa kimya siku mtakapofukuzwa. Mkidai ya wote, na mkubwa akawafukuza kwa hilo, basi ajue kwamba amewafukuza watoto wa watu, na watu wenyewe wapo.