Dari si pambo



Niliwahi kupanga chumba cha bati tupu hapa Dar es Salaam. Mwezi Februari, bati lililopigwa jua kutwa lilitushushia joto hadi usiku wa manane. Jirani yangu alimlaza mwanawe mchanga sakafuni, shingo imejaa vipele vya joto, akimpepea kwa ncha ya kanga. Akifungua dirisha, mbu wanaingia. Alfajiri alikwenda kazini hajalala.

Tumezoea kusema nyumba ikishaezekwa imekwisha, dari ni urembo, itasubiri hela. Tunakosea. Joto linalokesha chumbani kwa kukosa dari huunyima mwili nafasi ya kupoa, na wa kwanza kuumia ni wachanga, wajawazito, wazee na wagonjwa wa moyo.

Mbu wa malaria naye hupenda kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Ukiuziba kwa tofali, mbu umemzuia lakini joto umelifungia ndani. Weka wavu: hewa ipite, mbu abaki nje. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa hata dari ya wavu peke yake ilipunguza mbu ndani ya nyumba kwa karibu nusu, na watoto wenye upungufu wa damu wakawa wachache. Ili kupunguza joto, huko Ahmedabad, India, mwaka 2017 mapaa ya nyumba za watu wa kipato kidogo yalianza kupakwa rangi nyeupe, kwa sababu weupe hulirudisha jua lilikotoka.

Nasi tunaweza. Katika mkutano wa mtaa ujao, tukubaliane kuwa chumba kisicho na dari hakipangishwi. Vikundi vyetu vya kukopeshana vinunue mbao, wavu na rangi kwa bei ya jumla. Mafundi, zibeni kwanza matundu ya misumari yanayovuja, maana dari iliyolowa huota ukungu, na ukungu huamsha pumu. Kisha acheni nafasi ya hewa chini ya bati. Wazazi, tuanze na shule zetu zisizo na dari, ambako mvua ikinyesha mwalimu hasikiki na jua likiwaka watoto wanasinzia. Jumamosi moja, ngazi na ndoo za rangi, darasa moja baada ya jingine.

Kuanzia leo, nyumba ikishaezekwa, tusiulize kama imekwisha. Tuulize: mtoto atalala humu?