Stesheni Tajiri Ilivyofungwa Marekani



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa swali moja mara nyingi. Wanachama wa kiwanda kimoja cha sukari hapa Uganda wamesikia kwamba mnunuzi kutoka ng'ambo yuko njiani, mtu mwenye fedha nyingi sana. Baadhi yao wanasema: tajiri wa namna hiyo hawezi kufunga kiwanda, basi habari za mkataba zingoje, tumwache kwanza mgeni atulie. Tumeona afadhali tujibu kwa kueleza habari za kampuni moja ambayo haikupika sukari wala kuchuma chai. Ilikuwa stesheni ya habari ya televisheni. Mwenye mali wake alikuwa tajiri kuliko mnunuzi yeyote atakayekanyaga mashamba yetu. Ilifungua milango Marekani mwaka 2013, na mwaka 2016 ilikuwa imekwisha.

Stesheni hiyo iliitwa Al Jazeera America. Mama yake, Al Jazeera, alizaliwa Doha mwaka 1996 kwa fedha za serikali ya Qatar, nchi ndogo yenye mafuta na gesi nyingi. Ilianza kwa Kiarabu, na Novemba 2006 ikafungua idhaa ya Kiingereza. Huku kwetu idhaa hiyo iliingia bila ugomvi. Mtu huikuta katika hoteli za Kampala na Nairobi akisubiri chai. Marekani haikuwa hivyo. Mlango ulikuwa na bawabu, na ni lazima tumweleze bawabu huyo ni nani.

Wakati ule Wamarekani wengi walipata televisheni kwa kulipa kila mwezi kwa kampuni za kebo, zinazopitisha picha kwa waya hadi nyumbani, au kwa kampuni za setilaiti. Kampuni hizo ndizo zinazochagua stesheni zipi ziingie katika fungu la mteja na zipi zibaki nje. Ninyi wenye ndugu wanaolima miwa ya kuuzia kiwanda mnalielewa jambo hili pasipo kufundishwa. Miwa inaweza kuwa mizuri na mkulima hodari, lakini bila kibali cha kukata na bila lori, itakaukia shambani. Al Jazeera ilikuwa na miwa. Lori lilikuwa la watu wengine.

Kampuni karibu zote ziliikataa idhaa ile ya Kiingereza. Jina lake lilikuwa limekwisha kuharibiwa. Baada ya Septemba 2001 wakubwa wa Marekani waliichukia kwa sababu ilionyesha kanda za Osama bin Laden, na pia kwa sababu ilionyesha maiti za raia katika vita vya Afghanistan na Iraq. Ofisi yake ya Kabul ilipigwa bomu na Wamarekani Novemba 2001. Ofisi ya Baghdad ikapigwa Aprili 2003, na mwandishi Tareq Ayyoub akauawa. Jeshi lilisema halikukusudia. Hata hivyo, Mmarekani ambaye hajapata kuitazama stesheni hiyo hata dakika moja alikuwa amekwisha fundishwa kuiogopa.

Kuna mji mmoja mdogo, Burlington, katika jimbo la Vermont, ambao tunautaja kwa furaha. Huko kampuni ya kebo ilikuwa mali ya mji wenyewe. Mwaka 2008 ilitaka kuiondoa Al Jazeera kwa sababu ya malalamiko. Wananchi wakaitwa kwenye mikutano ya hadhara, wakabishana sana, waliotaka na wasiotaka, na mwisho stesheni ikabaki. Kwingineko hakuna aliyeulizwa. Wakurugenzi waliamua ofisini, na mtazamaji akaletewa alicholetewa.

Halafu ukaja mwaka 2011. Watu wa Misri walipojaa barabarani kumwondoa Mubarak, Wamarekani wengi waliitafuta Al Jazeera katika intaneti kwa sababu stesheni zao hazikuwa na waandishi wa kutosha Cairo. Hata Hillary Clinton, wakati huo waziri wa mambo ya nje, aliisifu mbele ya maseneta. Watu wa Doha wakaamini kwamba sasa wakati wao umefika.

Wakaamua kununua lori. Januari 2013 walinunua Current TV, stesheni ndogo iliyoanzishwa na Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais, pamoja na mwenzake Joel Hyatt. Bei iliyotajwa ilikuwa karibu dola milioni 500. Hawakununua vipindi, maana watazamaji walikuwa wachache. Walinunua nafasi, ile mikataba ya Current TV na kampuni za kebo. Lakini habari za ununuzi zilipotangazwa tu, kampuni kubwa ya Time Warner Cable ikasema inaitoa stesheni hiyo. Ilirudi baadaye, baada ya mazungumzo marefu. Siku ya kufungua, tarehe 20 Agosti 2013, kampuni nyingine, AT&T, nayo ikakataa, na kesi ikaenda mahakamani. Stesheni ikaanza ikiwa inafika katika nyumba zaidi ya milioni 40, wakati nyumba zilizolipia televisheni nchini humo zilikuwa karibu milioni 100.

Tena kulikuwa na sharti jingine, na hapa sisi tunaona walipotea kabisa. Kampuni za kebo hazitaki kulipia kitu ambacho mteja anakipata bure. Kwa hiyo idhaa ya Kiingereza, ile ambayo Wamarekani walikuwa wameizoea katika intaneti mwaka 2011, ikazimwa kwao. Yaani waliwafukuza wageni waliokwisha kuingia kwa mlango wa nyuma, ili wamfurahishe bawabu wa mlango wa mbele. Waliokuwa wakiwatazama kwa hiari walikuwa wengi wao vijana, na vijana wa Marekani walikuwa wameanza kuacha kulipia kebo.

Hatusemi kwamba kazi ilikuwa mbaya. Waliajiri mamia ya waandishi na mafundi, wengi wao Wamarekani wenye ujuzi, wakafungua ofisi 12 nchini na kupunguza matangazo ya biashara. Kipindi chao cha Fault Lines kilikwenda Bangladesh kufuatilia habari za kiwanda cha nguo cha Tazreen, ambako moto wa Novemba 2012 uliua wafanyakazi wasiopungua 112. Waliwaonyesha Wamarekani kwamba nguo zile zilikuwa zikishonwa kwa ajili ya maduka yao makubwa. Kipindi hicho kilipata tuzo ya Peabody, ambayo ni ya heshima sana kwao. Mfanyakazi anapoona stesheni ya televisheni inawafuata washonaji hadi nyumbani kwao na kuuliza nani alikuwa na faida, anajua kwamba jambo kama hilo halitokei kila siku. Kwa hiyo wenzetu wanaosema "ilikuwa stesheni ya tajiri wa Kiarabu, iache ife" hatukubaliani nao. Aliyepoteza si yule tajiri.

Lakini watazamaji hawakuja. Saa za jioni, wakati Fox ilikuwa na zaidi ya milioni moja, wao walikuwa na makumi machache ya maelfu. Fedha za matangazo hufuata watazamaji, basi stesheni ikaishi kwa kutumwa fedha kutoka Doha mwezi hadi mwezi. Haikula jasho lake. Wengine wanasema chuki dhidi ya Waarabu ndiyo iliyoiua. Chuki ilikuwepo, tumekwisha isema. Hata hivyo chuki ilikuwepo 2013 na 2014 vilevile, na stesheni haikufungwa. Kilichobadilika ni bei ya mafuta. Katikati ya mwaka 2014 pipa moja liliuzwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 bei ilikuwa karibu dola 30. Tarehe 13 Januari 2016 wafanyakazi walikusanywa wakaambiwa stesheni itafungwa. Wakubwa walitaja hali ngumu ya biashara ya habari Marekani. Tarehe 12 Aprili ikazimwa. Watu wapatao 700 walipoteza kazi. Machi mwaka huohuo Al Jazeera ikatangaza kupunguza wengine karibu 500, wengi wao katika makao yake Qatar.

Hebu mtazame mtu mmoja katika hao 700. Ni fundi wa kamera. Picha zake zilikuwa safi, alifika kazini kwa wakati, stesheni yake ilipata tuzo. Alifukuzwa kwa sababu ya bei ya pipa la mafuta, kitu ambacho hakukichimba wala hakukiuza. Mwenye mali ambaye shibe yake inatoka mahali pengine haumizwi sana na kufunga. Anakata tawi moja, mti unabaki. Anayekaa juu ya tawi ndiye anayeanguka.

Sasa tuje kwenye chama. Waandishi wa upande wa intaneti wa stesheni hiyo walipiga kura Oktoba 2015 kujiunga na chama cha waandishi cha New York, NewsGuild, na walio wengi walisema ndiyo. Walikuwa na haki hiyo kwa sheria ya Marekani. Tunataja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu katika nchi ya mwenye mali yule mambo ni mengine: sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004 haikuwapa wafanyakazi wageni ruhusa ya kuunda chama, na wageni ndio karibu wafanyakazi wote wa nchi ile. Miongoni mwao wamo vijana wa Uganda na Kenya, walinzi na vibarua, ambao familia zao zinaishi katika kambi zetu za mashamba. Stesheni iliyowafuata washonaji wa Bangladesh ililipiwa na dola lisilomruhusu mlinzi wa Kiganda kujiunga na chama. Msomaji ajionee mwenyewe.

Wenzetu wale wa New York walikuwa na kosa gani? Hawakuwa na kosa, walikuwa wamechelewa tu. Kutoka kura ya Oktoba hadi tangazo la Januari ni miezi mitatu. Yeyote aliyewahi kukaa mezani na mwajiri anajua kwamba miezi mitatu haitoshi hata kukubaliana siku za kukutana, sembuse kumaliza mkataba wa kwanza.

Kwa hiyo wanachama wa kiwanda kile cha sukari wasingoje mgeni atulie. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haikuweka kiasi cha malipo ya kuachishwa kazi. Ilisema kiasi hicho kijadiliwe baina ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao. Maana yake ni kwamba tusipokiandika mapema, tutakwenda kukiomba siku ambayo lango limefungwa na meneja amepanda ndege. Tunataka kiasi hicho kiandikwe sasa, mwenye kiwanda wa leo akiwa bado ndiye mwenye sahihi, na iandikwe pia kwamba mnunuzi anayapokea mapatano yote pamoja na mitambo, na kwamba miaka ya kazi ya kila mtu inahesabiwa tangu siku aliyoanza, si tangu siku kiwanda kilipouzwa.

Kamati ya tawi itakutana Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, katika jumba la kantini. Kila mwanachama aje na barua yake ya kuajiriwa. Vibarua wa kukata miwa ambao hawakupewa barua waje na kadi zao za siku, hata zilizochakaa, na wale waliozipoteza waje na mtu aliyefanya kazi nao anayeweza kutaja mwaka walioanza.