Kasri la Grogan lilindwe, ila lisimulie habari yote

Siku za Jumatano na Jumamosi, soko la Taveta huwa halina pa kutia mguu. Kutoka Holili zinaingia bodaboda na mikokoteni iliyosheheni vitunguu, mahindi, maharage na ndizi. Kutoka Voi na Mombasa yanakuja malori yenye bidhaa za viwandani na marobota ya mitumba. Jioni kila mtu anafunga mzigo wake, anahesabu faida au hasara, anarudi kwao. Ni wachache wanaoinua macho kukitazama kilima cha Girigan, nje kidogo ya mji, lilikosimama Kasri la Grogan.

Ni kasri dogo. Huwezi kulilinganisha na Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Hili halikujengwa kwa ajili ya vita. Lilikuwa makazi ya mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, aliyelijenga miaka ya 1930 mahali ambapo angeweza kutazama mashamba yake ya mkonge huku Mlima Kilimanjaro ukiwa mbele yake. Baada ya enzi yake jengo lilitelekezwa kwa miaka mingi, likawa karibu na gofu, kabla ya kukarabatiwa ili lipokee wageni.

Wapo wanaouliza: kwa nini tuhangaike na nyumba ya mkoloni? Swali hilo lina uzito. Grogan alijipatia sifa Ulaya kwa safari yake ndefu kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Lakini Nairobi inamkumbuka kwa jambo jingine pia. Mwezi Machi mwaka 1907, mbele ya jengo la mahakama, aliwachapa viboko hadharani Waafrika waliokuwa wakivuta rikisho. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja tu. Huyo ndiye aliyekuja kuishi juu ya kilima kile. Tena Taveta ni mji ambao mpaka leo una watu wanaoitwa maskwota kwenye ardhi ya mababu zao, kwa sababu ya mashamba makubwa yaliyogawiwa zama hizo. Mtu mwenye kidonda hicho akisema kasri libomoke, namwelewa.

Hata hivyo sikubaliani naye. Jengo likianguka, deni la ardhi halitalipwa, wala viboko vya 1907 havitafutika. Kitakachopotea ni ushahidi. Kijana wa Taveta anayeyaona makao yale juu ya kilima anaelewa kwa dakika moja jinsi ardhi ilivyogawanywa. Kitabu kingemchukua wiki. Kwa hiyo kasri lilindwe, ila lisiwe kumbukumbu ya sifa za mtu mmoja.

Maana soko la Taveta ni la zamani kuliko kasri, na ni la zamani kuliko mpaka wenyewe. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kuelekea bara ilipumzika kwa Wataveta, kwenye msitu wa Mto Lumi, ikanunua chakula kabla ya kuendelea. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883 akielekea Umasaini. Miaka mitatu baadaye, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mstari ulioiweka Taveta upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Mwezi Agosti 1914 Wajerumani wakaiteka Taveta. Februari 1916 damu ilimwagika kwenye kilima cha Salaita, na wakati wa vita hiyo reli ikasogezwa kutoka Voi hadi hapa. Makaburi ya askari yangalipo mjini. Grogan na mkonge wake walikuja baada ya hayo yote.

Sasa tufanye nini? Kwanza, usalama wa kasri usitegemee hiari ya yeyote anayelimiliki kwa wakati fulani. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la kihistoria kulindwa hata likiwa mikononi mwa mtu binafsi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kihistoria ukishaanguka hakuna fundi wa kuurudisha.

Pili, ndani ya kasri kiwekwe chumba cha habari za watu waliokata mkonge na kulima mashamba yale, na za misafara na soko. Wazee wanaokumbuka wahojiwe leo, wakiwa bado wapo.

Tatu, faida ishuke mlimani. Mfano upo Mikindani, kusini mwa Tanzania. Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli, na vijana wa hapo wakafundishwa kazi ndani yake. Girigan nako vitunguu na ndizi za mgeni zinunuliwe sokoni Taveta, na vijana wa bodaboda wapewe mafunzo ya kuongoza wageni hadi Salaita na Ziwa Jipe. Mama anayeuza mboga sokoni atalitetea kasri siku atakapoona linanunua mboga zake.

Hapo ndipo serikali zetu mbili zinapohusika. Tangu mwaka 2016 tuna kituo cha pamoja cha mpakani Holili–Taveta, na mizigo yetu inakaguliwa mahali pamoja. Lakini mtalii aliyeshuka Kilimanjaro, akiwa Moshi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, hana njia rahisi ya kuvuka kwa siku moja. Viza ya pamoja ya utalii iliyoanza mwaka 2014 ilikuwa ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haikujiunga. Ibara ya 119 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi wanachama zishirikiane kuhifadhi urithi wa kihistoria. Ni vigumu kushirikiana kuhifadhi kitu ambacho wageni wa upande wa pili hawawezi kukifikia. Kibali cha siku moja kwa watalii, kitolewe palepale kituoni, kingekuwa mwanzo mzuri.

Wafanyabiashara wa mpakani tuna vyama, na vyama hivyo huitwa kwenye mikutano ya forodha na kodi. Mkutano ujao, mjumbe mmoja asimame aliulizie kasri: nani analilinda, linanunua kwa nani, na habari yetu sisi wa sokoni itaandikwa kwenye ukuta gani.