Upasuaji wa presha ya macho: twauogopa bure

Msomaji, bila shaka umewahi kukisikia kisa hiki ndani ya matatu ya Njoro au Subukia: mzee fulani aliingia hospitali akiona kidogo, akapasuliwa jicho, na leo hata hicho kidogo hana. Msimulizi humaliza kwa kuapa kwamba yeye hatakubali kisu machoni kamwe.

Kwa maoni yangu, uoga huu watokana na kuchanganya maradhi mawili. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi. Lenzi hutolewa, nyingine ikatiwa, na aghalabu mgonjwa huona tena. Presha ya macho, au glaukoma, huua neva inayopeleka picha kwenye ubongo, nayo ikishakufa hairudi. Daktari hufungua kijia kidogo chini ya ukope wa juu ili maji ya ndani ya jicho yapate pa kutokea na presha ishuke. Njia hii, iliyoelezwa na Dkt. Cairns wa Cambridge mwaka wa 1968, hulinda mwanga uliobaki. Haiongezi hata chembe. Kwa hivyo anayefika akiona kama kwa tundu la sindano, hataondoka na zaidi ya tundu hilo. Na hatari zipo, nisikufiche: viini huweza kuingia, au presha ikashuka kupita kiasi.

Utauliza, matone je? Yanafaa, lakini ni ya kila siku, maisha yote. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa baada ya miezi 12 matone ya timolol yalifaulu katika asilimia 31 tu ya macho, na miale ya leza asilimia 61. Sasa mfikirie mkulima wa Molo anayenunua chupa ya dawa baada ya kuuza viazi pekee. Huyu ashauriwe mapema kuhusu upasuaji, kabla neva haijaisha.

Madaktari nao wana deni. Mgonjwa aambiwe waziwazi, kabla ya kutia sahihi, kwamba hataona vizuri zaidi, na kwamba lazima arudi kliniki mara kwa mara kwani kidonda kikipona kupita kiasi kile kijia huziba.

Nawe ukienda kupimwa, andamana na ndugu yako wa tumbo moja. Maradhi haya hufuata ukoo.